Administreta wa miaka kumi na mmoja

Juzi kaingia mama mmoja na mwanawe, mashine, laptop ya nyumbani, wameiviringisha kwenye kitenge. "Fundi, niwekee ile programu ya kuzuia mambo machafu." Sentensi hiyo nimeisikia mpaka naweza kuiimba. Nikawasha mashine, ikataka paswedi. Mama akamgeukia mtoto: "Hebu ingiza baba, mimi siikumbuki." Mtoto, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa amenipa shikamoo kwa adabu zote, akapiga vitufe vyake bila hata kutazama kibodi, tukaingia.

Nikafungua sehemu ya akaunti. Ipo moja tu, inaitwa "User", na chini ya jina pameandikwa Administrator, yaani admin, mwenye mamlaka yote juu ya mashine. Ana miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo naandika hapa, ili kuanzia leo niwe natuma linki badala ya kuhubiri upya kila Jumamosi.

"Ile programu" haipo. Zipo programu, nyingine za bure, nyingine za kulipia, na baadhi ni nzuri. Lakini chochote nitakachokiweka mimi, mwenye akaunti ya admin anaweza kukitoa, na hahitaji uchawi. Ni kuajiri mlinzi, kisha funguo za geti na daftari la mishahara ukampa mwizi akutunzie.

Hali hii inaanzia dukani. Akaunti ya kwanza kutengenezwa kwenye Windows huwa ya admin, siku zote. Sisi tunaouza mashine za mtumba, zile Latitude na EliteBook zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya, tunapiga Windows haraka haraka, tunaruka hatua ya kuunganisha intaneti kwa sababu bando ni letu, tunaandika "User", paswedi hatuweki, tunakukabidhi. Unaipeleka nyumbani, mtoto anaweka paswedi yake, na kuanzia hapo mwenye nyumba ni yeye. Wewe umebaki mpangaji.

Tiba yake ni dakika kumi. Tengeneza akaunti ya pili, iwe yako, ipe hadhi ya admin, iwekee paswedi ambayo si tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote pale nyumbani. Ingia humo, kisha ishushe akaunti ya mtoto iwe ya kawaida. Kwenye skrini imeandikwa Standard User. Usianze kwa kumshusha mtoto kabla ya kutengeneza ya kwako. Halafu fanya jaribio hili ukiwa kwenye akaunti ya mtoto: jaribu kuweka programu yoyote kubwa. Skrini itafifia na kitatokea kiboksi. Kikikuuliza Ndiyo au Hapana tu, bado yeye ni admin, rudi mwanzo. Kikidai paswedi ya mtu mwingine, hongera, sasa mashine ni yako.

Wazazi wengi nikifika hapa wanaona nimewakwepa. "Sawa fundi, lakini kuzuia?" Mama, hiyo ndiyo kuzuia. Vingine vyote ninavyovieleza chini vinasimama juu ya hiki.

Tuendelee. Windows ina Family Safety, haina malipo kwa haya tunayoyahitaji: muda wa kutumia mashine, tovuti za kuzuia, programu za kuruhusu. Sharti lake ni kwamba mtoto aingie kwa akaunti ya Microsoft iliyounganishwa na familia yako. Ile "User" ya dukani haionekani kabisa huko. Nimeletewa mashine ambazo baba ameweka masharti yote vizuri kwenye simu yake, saa mbili kwa siku, kila kitu, na mtoto anaingilia "User" kila siku bila hata kujua kuwa amewekewa sheria. Ifute hiyo akaunti, ila hamisha mafaili kwanza.

Na tarehe ya kuzaliwa andika ya kweli! Watoto wanajiandikisha wamezaliwa 1990 kwa sababu rafiki yao kawaambia hiyo "haisumbui". Haisumbui kweli, kwa sababu Microsoft inamhesabu kama mtu mzima, na mtu mzima anajitoa kwenye familia anapotaka.

Jambo jingine linalonipotezea muda: kichujio cha tovuti cha Family Safety kinafanya kazi ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft. Ukikiwasha, vivinjari vingine vinafungiwa. Usinipigie simu jioni kusema "Fundi umeniharibia Chrome." Haijaharibika. Ndivyo ilivyopangwa, kwa sababu kichujio hakioni yanayopita kwenye Chrome. Kama shule yake inalazimisha Chrome, basi chagua: ama uiruhusu na uache kichujio hicho, ama useme hapana.

Ukiiachia Chrome, nenda kwenye DNS. Hii ndiyo huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na zipo DNS zinazokataa kugeuza majina ya tovuti za ngono. Cloudflare wanayo ya bure: 1.1.1.3, na ya akiba 1.0.0.3. Kama nyumbani mna rauta, iweke kwenye rauta. Kama mnatumia hotspoti ya simu, kama wengi wetu, iweke kwenye mashine yenyewe, na usisahau upande wa IPv6, ile aina mpya ya anwani za intaneti, maana mashine inaweza kupita mlango huo huku wewe umelinda ule mwingine. Akaunti ya kawaida haiwezi kuibadilisha. Umeona kwa nini nilianza na akaunti?

Sasa hapa lazima niwe mkweli. DNS inaona jina la tovuti tu, haioni kilichomo. Inaifunga tovuti nzima au inaiachia nzima. Kwa hiyo zile "koneksheni", yaani video za ngono zinazosambaa kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, DNS haina habari nazo. Chrome nayo ina mipangilio yake ya DNS ambayo mtoto mwerevu ataikuta. Inaweza kufungwa kwa upande wa admin, lakini hiyo ni kazi ya kuniletea mimi, usiifanye kwa kubahatisha.

Halafu kuna VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia yake ya siri. Hili linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitaka VPN zisajiliwe Oktoba 2023. Mei 2025 mtandao wa X ukafungiwa, na tangu hapo naletewa mashine zenye VPN kila wiki. Aliyeiweka ni baba mwenyewe, na kila mtu nyumbani anajua kuiwasha. VPN inapita juu ya DNS yako kama daladala inayopita njia ya vumbi kukwepa foleni. Baba analalamika kwamba kichujio "hakishiki", nafungua, nakuta VPN yake iko palepale kwenye deski, kwenye mashine ya mtoto. Mzee, nikusaidieje?

Mengine nayapitisha mbio. Kama mashine yako bado ina Windows 10, ujue msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows iliyokrakiwa: vile vijiprogramu vya kuiamsha mara nyingi vinakutaka uzime kinga ya virusi, na wengi hawaiwashi tena, kwa hiyo ulichookoa utakilipa kwingine. Weka paswedi ya BIOS, ile mipangilio ya mashine inayoamka kabla ya Windows, la sivyo mtoto anawasha mashine kwa flashi na hayo yote hapo juu yanakuwa hadithi. Lakini iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kwenye ThinkPad, ukiisahau ile ya msimamizi, jiandae kubadilisha mazabodi, ile bodi kuu ya ndani.

Swali ambalo sina jibu lake ni ripoti. Family Safety inaweza kukutumia kila wiki orodha ya alichotafuta mtoto na alikopita. Kwa binti yangu niliiwasha. Wiki ya tatu nikaona ametafuta jambo la mwili wake ambalo angeweza kumuuliza mama yake, na hakumuuliza. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Nikimwambia, atajua namchungulia. Nikinyamaza, nimechungulia bure. Mwishowe nikamwambia mama yake aanzishe mazungumzo kwa upande, nikaizima ripoti, masharti ya muda na kichujio nikayaacha. Sijui kama nilipatia. Wapo wateja wangu wanaosema nimezembea, na huenda ni kweli. Ninachofanya siku hizi ni kumwambia mtoto mbele ya mzazi, palepale kaunta, kila nilichokiweka kwenye mashine yake. Kumtegea kwa siri sitaki.

Yule mama wa kitenge nilimmalizia vyote: akaunti, kichujio, DNS, BIOS. Paswedi akaichagua mwenyewe huku mtoto nimemtuma soda duka la pili. Saa tatu usiku simu ikaita.

"Fundi, anataka kuweka kitu cha shule, inadai paswedi."

"Andika wewe mama. Yeye ageukie ukutani."

"Ameshageuka."

Kisha nikamsikia akiandika, herufi moja baada ya nyingine, akizitamka kwa sauti.