Je, wajua kwa nini gari hugonga kwenye vishimo vidogo lakini hunyamaza linapovuka tuta?

Wengi hudhani kwamba kishindo kinachosikika chini ya gari lazima kinatoka kwenye shokapu, na wakishazibadilisha hushangaa kukisikia tena. Bodi ya chuma husafirisha sauti, hivyo mahali inaposikika huenda pasiwe ndipo inapozaliwa. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: gari hugonga likiwa linafanya nini?

Magurudumu mawili ya mbele yanapopanda tuta kwa pamoja, fimbo ya stabilaiza, ambayo huyaunganisha ili gari lisilale sana kwenye kona, huzunguka tu ndani ya bushi zake, yaani vipande vya mpira vinavyoishikilia, bila kujipinda, na linki zake mbili, vijiti vifupi vinavyoiunganisha na upande wa kila gurudumu, hazibebi mzigo mkubwa. Gurudumu moja likitumbukia kwenye kishimo huku lenzake likipita palipo sawa, fimbo hujipinda, linki huvutwa na kusukumwa ghafla, na ikiwa viungo vyake vimelika, ndipo hugonga. Kwa hiyo tofauti hiyo peke yake inatosha kuzitilia shaka linki kabla hata ya kushika spana. Zikaguliwe magurudumu yote mawili yakiwa chini, kwa sababu kuinua upande mmoja kwa jeki huipinda fimbo, huikaza linki, na kuuficha ulegevu unaotafutwa.

Kishindo kimoja kizito unapokanyaga breki au unapoondoa gari mara nyingi huashiria kuchanika kwa bushi za mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi kwa chini. Mlio wa springi usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye kitako cha juu cha shokapu na beringi yake. Kelele inayokoma ukigusa breki kidogo huenda ikawa ni pedi za breki zinazocheza tu. Mpira unaolia hupatikana kwa kunyunyizia maji bushi moja baada ya nyingine mpaka mlio unyamaze kwa muda. Oili isitumike, kwani huvimbisha mpira na kuudhoofisha.

Boljointi, yaani kiungo cha duara kinachounganisha gurudumu na mkono huo, ndiyo isiyopaswa kusubiri hata kidogo. Gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake, mtu mmoja alitikise gurudumu kwa kulishika juu na chini huku mwingine akikitazama kiungo chenyewe, kwani beringi ya gurudumu iliyolegea nayo huleta mchezo kama huo. Kiungo kikionekana kucheza, gari lisiendeshwe mpaka kibadilishwe, maana kikichomoka, gurudumu huanguka upande na usukani hauwezi tena kuliongoza.