Chuo Ulichokiacha Njiani Nacho Kiandike

Karibu kila fomu ya kuomba chuo, hapa Kenya na ng'ambo, ina sehemu inayokutaka utaje taasisi zote ulizosoma baada ya shule ya upili. Wengi wakifika hapo husoma "ulizosoma" wakaelewa "ulizomaliza". Sivyo. Kama ulisajiliwa, ukapewa nambari ya usajili na ukaingia darasani, hicho ni chuo ulichosoma, hata kama uliondoka muhula wa pili bila cheti, hata kama transkripti yake (karatasi ya alama zako zote) imejaa E, yaani alama ya kufeli.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapojiharibia. Afisa wa udahili akiona alama mbaya atauliza ilikuwaje. Akigundua chuo kilichofichwa haulizi tena, anafunga faili. Na ugunduzi huo unaweza kuja umeshafika mwaka wa tatu, kwa maana tamko unalotia sahihi mwisho wa fomu hukipa chuo haki ya kukuondoa wakati wowote, na pengine kukunyang'anya shahada uliyokwisha kupewa.

Hugunduliwaje? Marekani kuna shirika la National Student Clearinghouse, lililoanzishwa mwaka 1993, ambalo hukusanya rekodi za usajili wa wanafunzi kutoka vyuo vya huko. Ukisoma muhula mmoja Texas kisha ukaomba chuo cha Ohio, muhula ule unaonekana. Chuo cha Mombasa hakimo humo, lakini fomu ya viza ya Marekani, DS-160, nayo huuliza umesoma wapi kuanzia sekondari na kuendelea. Ukiandika vyuo viwili kwenye viza na kimoja kwenye fomu ya chuo, umejishtaki mwenyewe. Uingereza, UCAS, shirika linalopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya huko, hutaka sifa zote tangu sekondari, pamoja na zile ulizofeli au ambazo matokeo yake hayajatoka. Hapa nyumbani, KUCCPS, inayopanga wanafunzi vyuoni, hukutambua kwa nambari yako ya mtihani na mwaka uliofanya, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kitambulisho, kwa hiyo usidhani ukurasa wa zamani umefutika.

Waliorudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wana mtego wao. Nambari ya mtihani ina tarakimu 11: nane za shule, tatu za mtahiniwa. Ukirudia unapewa nambari nyingine, na hapo una matokeo mawili kamili. Usichukue Hisabati ya mwaka huu ukaiunganisha na Kiingereza cha mwaka ule kana kwamba ni karatasi moja. Andika vikao vyote viwili, kila kimoja na mwaka wake, kisha uonyeshe unaomba kwa kipi.

Sasa majina, ambayo kwa sisi wa Pwani ndiyo tatizo kubwa kuliko alama. Cheti cha KCSE kinasema Mohamed, kitambulisho Muhammad, transkripti Mohammed. Fatma wa shuleni amekuwa Fatuma kwenye pasipoti. Jina la babu limo huku, kule halimo. Anayesoma faili yako Leeds au Toronto hajui kwamba huyo ni mtu mmoja. Weka karatasi zote mezani, uzisome herufi kwa herufi, kisha umwendee wakili akuandikie hati ya kiapo inayotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi. Kama jina lenyewe lilibadilika, si tahajia tu, hati ya kiapo haitoshi. Utahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Majina ya vyuo nayo hubadilika. Mwenye diploma ya Mombasa Polytechnic aandike jina hilo hilo lililo kwenye cheti, kisha aeleze kwamba tangu 2013 chuo hicho ni Technical University of Mombasa. Asipofanya hivyo, mhakiki atatafuta chuo asichokiona kwenye orodha ya leo.

Madrasa ya jioni haiingii kwenye sehemu hii. Maahadi, yaani chuo cha elimu ya Kiislamu, yenye usajili, inayotoa shahada au diploma, inaingia. Kozi ya kompyuta ya wiki sita iache, isipokuwa fomu imeuliza mafunzo mafupi.

Chuo ulichoondoka ukiwa na deni la karo huenda kikakataa kutoa transkripti mpaka ulipe na fomu ya kliaransi, ya kuonyesha hudaiwi kitu, ipigwe mihuri ya idara zote. Hiyo si sababu ya kukificha. Kitaje, kisha uambatishe barua fupi. Nashauri iwe hivi: "Nilisajiliwa Septemba 2021, nikaondoka Aprili 2022 kwa kushindwa kulipa karo. Sikumaliza yuniti tatu. Nalipa deni kwa awamu, na transkripti itafika likiisha." Tarehe, sababu, hatua. Usimlaumu mhadhiri, usilie njaa aya mbili. Kama ulisimamishwa kwa nidhamu, sema hivyo kwa neno lenyewe, maana chuo cha zamani kikiulizwa kitalisema.

Kutaja kuna faida pia. Yuniti ulizofaulu zinaweza kuhamishwa, na vyuo vingi vya Marekani hukubali zile za C na kuendelea. Omba pamoja na transkripti maelezo ya kila yuniti: mada na idadi ya saa. Bila hayo hakuna wa kuzilinganisha.

Matokeo ya KCSE yathibitishwe na KNEC yenyewe, yaani baraza la mitihani la Kenya. Maombi hufanywa mtandaoni kupitia QMIS, mfumo wa KNEC wa kupokea maombi, bila safari ya Nairobi, na uthibitisho hutumwa moja kwa moja chuoni. Mfumo huo huo hushughulikia vyeti vilivyopotea, na vya sekondari kutoka Tanzania au Uganda vinavyohitaji kulinganishwa na KCSE.

Transkripti ikitakiwa kwa bahasha iliyofungwa, hakikisha muhuri wa msajili umepita juu ya mkunjo, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha. Ukiifungua, hata kwa kuchungulia tu, haina thamani tena. Agiza nakala mbili tangu mwanzo: moja ya kutuma, moja ya kufungua mwenyewe ukague jina, tarehe na alama kabla ile nyingine haijaondoka.