Chozi juu ya dawati: kwa nini watazamaji wa The Innocents hawaafikiani

Kila ninapowaonyesha watu The Innocents, taa zikiwashwa chumba hugawanyika. Wapo wanaosema mizuka ilikuwapo, tumeiona kwa macho yetu. Wengine wanasema hakuna cha mzuka, yule mwalimu akili zimemruka. Halafu pembeni hubaki mmoja au wawili wanaouliza mbona haitishi. Kazi yangu ni kamera na taa, na filamu hii nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ubishi huo haukuzuka wenyewe. Ulijengwa kwa mwanga, kwa lenzi na kwa mkono wa mhariri, na ndiyo maana nataka kuueleza. Kama hujaiona, jua kwamba nitaieleza filamu hadi mwisho wake.

Hadithi yenyewe ni ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria. Bi Giddens, binti wa mchungaji, anaajiriwa kulea na kufundisha yatima wawili, Miles na Flora, katika jumba kubwa la shamba liitwalo Bly. Mjomba wao tajiri hataki kusumbuliwa kwa lolote. Hajakaa sana, mwalimu anaanza kuwaona watu wawili: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa bwana, na Bi Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Wote wawili ni marehemu. Anashawishika kwamba wamerudi ili waendeleze mapenzi yao kupitia miili ya watoto. Jack Clayton ndiye aliyeiongoza, ikatoka mwaka 1961, na Deborah Kerr akawa Bi Giddens. Chimbuko lake ni hadithi ya Henry James ya 1898, ikapitia tamthilia ya William Archibald, kisha Truman Capote akatia mkono wake katika muswada. Na ubishi umeitangulia filamu: mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alishaandika kwamba mizuka ya James ni zao la akili ya mwalimu.

Nasema mzuka, sisemi mzimu wala jini, na nina sababu. Mzuka huzuka, ukauona, ukatoweka. Haukusemeshi, haukushiki. Hawa wa Bly ndivyo walivyo.

Chukua mara ya kwanza. Bi Giddens yuko bustanini mchana wa jua kali, anakata maua ya waridi. Ndege wanalia, wadudu wanavuma. Ghafla sauti zote zinakatika. Anainua macho, na juu ya mnara amesimama mtu, jua likimpiga mwalimu usoni kiasi kwamba yule mtu ni umbo tu. Anapanda mnarani mbio. Anamkuta Miles peke yake na njiwa wake, naye anasema hakuna mtu mwingine aliyekuwapo. Anayeshikilia kwamba mzuka upo atakwambia: sisi pia tumemwona. Ni kweli, lakini tumemwona kwa macho ya nani? Ukimya ule haukuwa wa bustani, ulikuwa wa masikio ya Bi Giddens. Sauti ilipokatika, sisi watazamaji tulishaingizwa kichwani mwake bila kubisha hodi.

Tazama pia mpangilio wa picha. Mara nyingi Clayton anakuonyesha kwanza uso wa Kerr ukibadilika, ndipo anakuonyesha alichokiona. Angetanguliza mzuka, tungekuwa mashahidi. Kwa kuutanguliza uso, tunalipokea neno lake tu. Na kuna picha ndogo ya Quint ambayo mwalimu anaikuta darini wakati wa kucheza kujificha na watoto. Muda mfupi baadaye anauona uso uleule dirishani, usiku, karibu kabisa na kioo. Katika kitabu aliueleza wajihi wa Quint bila kuwahi kuona picha yake, jambo linalowapa nguvu wanaoamini mizuka. Filamu ikaipunguza nguvu hiyo makusudi.

Mpaka hapo ungedhani kesi imekwisha, mwalimu amechanganyikiwa. Lakini nenda chumba cha masomo. Anaingia na kumkuta Bi Jessel ameketi, nguo nyeusi, analia. Anamkaribia, na mwanamke hayupo tena. Basi mwalimu ananyoosha kidole pale alipokuwa ameinama yule aliyekuwa akilia, na kidole kinagusa maji. Chozi. Tone moja. Vijana ninaowafundisha huniomba nirudishe nyuma, nirudishe tena, na kila mara chozi lipo. Akili iliyoruka inaweza kuona mtu asiyekuwapo, lakini hailowanishi dawati. Wenye hoja ya wazimu huniambia hata chozi hilo ni yeye tu aliyeligusa, hakuna mwingine chumbani. Ni jibu zuri, nami sijapata la kulivunja. Hata hivyo mimi niko upande wa chozi.

Sasa wale wanaosema haitishi. Siwalaumu, kwa sababu mara nyingi kosa ni la kioo walichotazamia. Studio, 20th Century Fox, ilitaka filamu ipigwe kwa skrini pana ya CinemaScope, upana wake ukizidi kimo mara 2 na zaidi. Clayton hakuipenda: hadithi ya hofu ya mtu mmoja utaijazaje fremu ndefu namna ile? Mpiga picha wake, Freddie Francis, akatengeneza vichujio vilivyopakwa rangi pembeni ili kingo za picha zizame gizani na jicho libaki katikati. Kwa matembezi ya usiku, Bi Giddens anapozunguka kwenye ujia na mishumaa, walitumia mishumaa yenye tambi kadhaa ili iwake kwa nguvu. Matokeo yake ni kwamba hofu ya filamu hii inakaa kingoni. Unatazama uso wenye mwanga huku jicho la pembeni likihisi kuna kitu kwenye weusi. Mara nyingi hakipo.

Itazame hiyo kwenye simu mchana, au kwenye televisheni iliyoongezwa mwangaza hadi nyeusi ikawa kijivu, au katika nakala iliyokatwa pande mbili ili ijae kioo cha mraba, na umeondolewa kilekile kilichotengenezwa kukutisha. Mimi mwenyewe nilianza na nakala iliyokatwa, nikaiona filamu ya kawaida ya watu wenye adabu wanaozungumza. Miaka ikapita ndipo nikaiona nzima, chumba kikiwa giza. Picha ya Bi Jessel amesimama ng'ambo ya ziwa, kwenye matete, mchana kweupe, hafanyi lolote, sikuweza kuitoa akilini wiki nzima.

Maoni yaliyonifundisha zaidi hayakutoka kwa mhakiki. Yalitoka kwa shangazi yangu, mzaliwa wa Pangani, niliyemtafsiria mazungumzo huku tukiangalia sebuleni kwake. Alinyamaza hadi mwisho, pale Bi Giddens anapomshinikiza Miles alitaje jina la Quint, mtoto anapiga kelele, analitaja, anaanguka, amekufa, na mwalimu anambusu mdomoni. Nilijua ataguswa na lile busu, kwa kuwa ndilo linalowachukiza watazamaji wengi. Yeye akaniuliza jingine.

"Mwanangu, huyu dada alikuwa anamtoa pepo?"

"Ndivyo alivyoamini, shangazi."

"Basi kalipata jina, lakini hakuuliza anataka nini. Pepo huulizwa jina, huulizwa na haja yake, akapewa, akatulia. Huyu katisha tu. Na aliyetishika ni mtoto."

Kwa macho ya pwani, swali la kama mizuka ipo halikumshughulisha hata kidogo. Ipo, na iweje? Lililomuuma ni namna ilivyoshughulikiwa. Tangu siku ile nimeacha kuwauliza watazamaji wako upande gani. Mizuka ikiwapo, Bi Giddens hakujua la kuifanya. Isipokuwapo, ni yeye aliyemsukuma mtoto ukingoni. Kwa vyovyote vile, mikono iliyomshika Miles mwishoni ni ya mtu aliye hai.

Ndiyo maana nawasihi watu waurudie mwanzo baada ya kuujua mwisho. Skrini ni nyeusi tupu, mtoto anaimba. Kisha inatokea mikono miwili inasali, ndege wakilia, na sauti ya mwanamke anayelia inasema anachotaka ni kuwaokoa watoto, si kuwaangamiza. Mara ya kwanza unasikia huruma. Mara ya pili unaitazama ile mikono.