Ukongwe kazini: nani alipwe zaidi kati ya madereva wa lori za mjini?

Ukongwe kazini ni muda ambao mtu amemtumikia mwajiri mmoja bila kukatika, pamoja na haki au nafuu anazopata kwa sababu ya muda huo. Usichanganye na uzoefu. Dereva aliyeendesha trela miaka 15 kwa matajiri watano tofauti ana uzoefu wa miaka 15, ila akiajiriwa leo ukongwe wake ni sifuri. Ugomvi mwingi wa mishahara kwenye yadi za malori unaanzia hapo.

Kwa mtumishi wa serikali jambo hili halina makelele sana, maana ngazi za mshahara zimeandikwa na kila mtu anajua yuko wapi. Dereva wa mjini hana ngazi. Huyu ndiye anayetoa kontena Bandari ya Dar es Salaam kupeleka bandari kavu, anayebeba saruji kutoka Wazo hadi Mbagala, anayeshusha soda madukani. Usiku analala kwake. Posho ndefu za wenzake wanaokwenda Tunduma na kuvuka mpaka hazimhusu, kwa hiyo kipato chake ni mshahara wa msingi na hela ya tripu, basi.

Tuseme kuna dereva mwenye miaka tisa kwa tajiri mmoja, mshahara wake 600,000. Mwezi uliopita kaajiriwa mwingine, leseni ileile ya daraja E, gari la aina ileile, kwa 650,000. Habari hizi hazifichiki. Wakifika kwa mama ntilie mchana zimeshajulikana. Mkongwe anaona amedharauliwa. Tajiri naye anashangaa, kwani hakukusudia kumdharau mtu. Alichofanya ni kumpata dereva mpya kwa bei ya soko la leo, huku yule wa zamani akiwa bado kwenye bei waliyopatana siku ile. Mgeni huingia na bei mpya. Mwenyeji asipoomba nyongeza hubaki pale alipo. Kwa kawaida hakuna njama hapo. Ila kuumiza kunaumiza.

Mimi naona, hata hivyo, kwamba hiyo 50,000 ni kelele tu. Pesa yenyewe iko kwenye mgawo wa tripu. Kama kila tripu ni 15,000 na mmoja kapiga 50 kwa mwezi wakati mwenzake kapiga 30, tofauti ni 300,000, nusu nzima ya mshahara wa mkongwe wetu. Na nani anagawa? Yule anayepanga magari asubuhi, mara nyingi kwa simu, bila ubao wala orodha. Kwenye kampuni zingine mkongwe ndiye anayechagua gari kwanza. Kwingine ni kinyume chake: gari bovu anapewa mzee kwa sababu “analijua”. Kweli analijua. Ndiyo maana utamkuta saa nne asubuhi kalala juu ya boksi chini ya kichwa cha lori, spana mkononi, anafunga bomba la breki, wakati kijana wa juzi anarudi kuchukua kontena la pili. Mwisho wa mwezi ujuzi wake umempunguzia hela.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kumlipa mkongwe zaidi. Inakataza ubaguzi, na inamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwanamke anayeendesha trela akilipwa pungufu kwa sababu ni mwanamke, hapo kuna kesi. Mgeni kumzidi mwenyeji kwa 50,000, peke yake, si kosa. Watu wengi hawapendi kusikia hivyo.

Sheria hiyo inahesabu saa, wakati yadi inahesabu tripu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zikizidi, malipo ni mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Dereva aliyekaa kwenye foleni ya geti tangu alfajiri mpaka jioni akatoka na kontena moja amelipwa tripu moja. Ukitaka kupima haki ya malipo kati ya madereva wawili, gawa kipato cha kila mmoja kwa saa alizokaa kazini. Mara nyingi utashangaa nani anamzidi nani.

Ukongwe unaanza kuonekana kisheria wakati wa kuachana. Kiinua mgongo Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Dereva wetu wa miaka tisa, akipunguzwa kazi, anadai siku 63. Kwa 600,000 na wiki ya siku sita ni karibu milioni moja na laki nne na nusu. Angalia neno “msingi” hapo. Tripu ikiandikwa kwenye mkataba kama posho, haimo kwenye hesabu, hata kama ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba. Kenya ni siku 15 kwa mwaka, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie nani aliingia kwanza, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa mfanyakazi.

Marekani waliwahi kugombana juu ya jambo hilihili kwa sauti kubwa. Mwaka 2018 mkataba kati ya kampuni ya vifurushi ya UPS na chama cha Teamsters uliunda kundi jipya la madereva, wakaitwa “22.4” kufuatana na kifungu cha mkataba. Walipewa magari yaleyale na vifurushi vilevile, ila kilele cha mshahara wao kikawekwa chini ya cha wenzao. Kwenye kura asilimia 54 waliukataa mkataba, lakini waliojitokeza hawakufika nusu, na kwa katiba ya chama wakati ule ilihitajika theluthi mbili kuukataa. Ukapita. Kundi hilo lilifutwa kwenye mkataba wa 2023, wakahamishiwa kwenye ngazi ya madereva wa kawaida. Ngazi yenyewe ilibaki: dereva mpya bado anaanza chini na kupanda kwa miaka hadi kileleni. Kilichokataliwa ni watu wa kazi moja kuwekewa vilele viwili.

Tofauti hiyo ingefaa hata kwetu. Sioni kwa nini dereva wa miaka 20 alipwe mara mbili ya wa miaka mitano. Kurudisha tela nyuma kwenye geti jembamba ni ujuzi unaokomaa mapema. Ngazi fupi inatosha, ya miaka minne au mitano, kilele kimoja, na tripu kwa zamu iliyobandikwa ukutani.

Bila ngazi, njia pekee ya dereva kupandisha mshahara ni kuhama. Na akihama, ukongwe haendi nao: siku zake za kiinua mgongo zinaanza upya, na pale anapoingia yeye ndiye mgeni wa 650,000 anayenuniwa na mtu aliyekaa miaka tisa.