Unga ulioota ukungu: moto hauondoi sumu

Kila mvua inapokata barabara za milimani huku Bududa, mashariki mwa Uganda, kituoni kwetu cha afya tunapokea wagonjwa wenye simulizi ileile: dukani hakufikiki, unga wa zamani wenye ukungu ukatolewa kwenye gunia, mkate ukaokwa, na sumukuvu ikaliwa.

Sumukuvu ni nini?
Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Hushambulia ini. Mwenye homa ya ini B akiendelea kuila, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi.

Nikiuoka vizuri si sumu inakufa?
Hapana. Ukungu hufa, sumu yake inabaki. Hata ukiweka makaa juu na chini ya sufuria, ndani ya mkate joto halizidi nyuzi 100 hivi. Sumu hii huhitaji zaidi ya 200 ili ivunjike. Kenya mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hii, na hawakuyala mabichi.

Nikichekecha na kuanika juani?
Hapana, hapana. Chekeche inatoa madonge na fukusi, jua linakausha. Sumu imo palepale. Na ninyi mnaotia iliki na sukari kuua harufu, tafadhali acheni. Unga usionuka nao waweza kuwa na sumu, sembuse huo unaonuka!

Na hamira ya zamani?
Haidhuru, ila mkate hautaumuka. Ijaribu kwa maji vuguvugu na sukari kidogo. Isipotoa povu baada ya dakika 10, imekufa.

Basi nimpe kuku?
Hapana. Kuku ataugua, na ng'ombe huipitisha kwenye maziwa wanayokunywa wanao. Ufukie.

Tumeshakula. Tungoje tuone?
Msingoje! Kutapika, maumivu ya tumbo, mkojo mweusi kama chai kavu, macho ya njano: njoo kituo cha afya siku hiyohiyo. Wengi hutufikia baada ya wiki nzima ya kunywa mizizi, tumbo limeshajaa maji. Macho ya njano si ya kutibiwa nyumbani, ya mtoto ndiyo kabisa. Barabara ikiwa imekatika, mpigie VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chako akusaidie kupata njia. Beba na unga uliobaki tuuone.