Je, wajua kwa nini foliki ya miligramu 5 inaweza kumwokoa mdudu wa malaria?

Mjamzito anayehudhuria kliniki Mbagala au Kinondoni hupewa vitu viwili: vidonge 3 vya SP (dawa mbili pamoja, sulfadoksini na pirimethamini), anavyomeza palepale mbele ya nesi ili kujikinga na malaria, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki. Foliki inayoshauriwa ni miligramu 0.4 kwa siku. Akipita duka la dawa akauziwa ya miligramu 5, SP inapungua nguvu.

Chanzo ni herufi moja ya DNA. DNA hujengwa kwa nyukliotidi za aina 4: A, G, C na T. T ni thaimini (usiichanganye na thiamini, ambayo ni vitamini B1). Hutengenezwa kwa kuchukua nyukliotidi yenye urasili na kuipachika kaboni moja yenye haidrojeni 3. Anayeileta kaboni hiyo ni folati (foliki ya vidonge ni aina yake), mfano wa mkokoteni wa Kariakoo, ila huu kila ukishusha mzigo mmoja ekseli inakatika. Folati inabaki dihaidrofolati, haibebi kitu mpaka fundi wake, kimeng'enya kiitwacho DHFR, aitengeneze.

Sasa piga hesabu ya mdudu mwenyewe, Plasmodium falciparum. DNA yake ina jozi za herufi milioni 23 hivi, na takriban asilimia 80 ni jozi za A na T. Kwa hiyo nakala moja inadai T kama milioni 18. Ndani ya chembe nyekundu ya damu, kwa saa 48, mmoja huzaa 16 au zaidi. Hizo ni T mpya zaidi ya milioni 270, na kila moja imekata ekseli! A na G huziokota malighafi zake kwenye damu yetu, lakini T iliyo tayari hawezi kuiokota.

SP inambana hapohapo. Sulfadoksini huzuia kimeng'enya cha DHPS, kinachomuundia folati mpya. Sisi hatuna kimeng'enya hicho, folati yetu hutoka kwenye mchicha, maharage na maini. Pirimethamini nayo hukalia kishimo cha DHFR ambamo dihaidrofolati ilipaswa kuingia. T zinakwisha, DNA haikamiliki, mdudu anakufa kabla ya kugawanyika.

Foliki ikijaa kwenye damu, mdudu hufyonza folati ya bure na kuikwepa sulfadoksini. Kwenye kishimo cha DHFR pia ni kugombania nafasi, na mwenye wingi ndiye anayekaa. Miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya 0.4.

Tena wapo wadudu ambao asidi-amino namba 108 ya DHFR yao imebadilika kutoka serini kuwa asparajini, na pirimethamini haishiki vizuri. Usugu wa aina hii ndio ulioiondoa SP kwenye matibabu Tanzania, ikaingia dawa mseto mwaka 2006. Kwa wajawazito imebaki kama kinga, kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine angalau mwezi mmoja.

Anayemeza kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP, maana nayo ina sulfa na kizuizi cha DHFR. Zikikutana, madhara huongezeka. Na kama daktari amekuandikia foliki ya 5, labda kwa ajili ya selimundu, usiiache kimyakimya. Mwambie nesi kabla hujameza SP.