Zimwi Lina Huzuni au Zimwi Ana Huzuni?

Filamu ya Shrek haijamaliza dakika ya tano, mfasiri keshakwama. Ni usiku, wanakijiji wamejibanza vichakani na mienge yao, wanavizia nyumba ya zimwi lenyewe, Shrek. Mmoja anawatahadharisha wenzake: mnajua kile kitu kinaweza kuwafanya nini? Mwenzake anajibu kwamba kitawasaga mifupa kipikie mkate. Kwa Kiingereza hawamwiti "yeye". Wanatumia kiwakilishi kilekile wanachotumia kwa kiti, kwa mvua, na kwa mbwa wa jirani wasiyemjua jina.

Kiswahili hakihangaiki hapo. Zimwi lile litawasaga mifupa. Methali ilishatufungulia njia zamani: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lina li- mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zimwi ni kiumbe hai na lilistahili a- kama kiboko, jogoo na nyuki. Taabu yangu ilikuwa nyingine: hiyo li- niishike mpaka lini?

Kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya filamu, yale ya kusomwa chini ya skrini na yale ya kuingizwa sauti, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwapa Shrek kama zoezi. Nimeichambua sentensi kwa sentensi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo watu wakiniuliza kama inastahili sifa zote ilizomwagiwa, huwa nashindwa kujibu kwa neno moja. Inazistahili, ila nyingi zimepelekwa mlango usio wake.

Sifa zenyewe si za kubuni. Ilitoka 2001, ikashindana kwenye tamasha la Cannes mwaka huohuo pamoja na filamu za watu wazima, na 2002 ikachukua Oscar ya kwanza kabisa ya filamu ndefu ya uhuishaji. Iligharimu takriban dola milioni 60 ikaingiza zaidi ya milioni 480. Mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa daima. Na karibu kila anayeisifu anasema jambo moja: imezipindua hadithi za kale, imewavua nguo mabinti wafalme na wana wa wafalme.

Hapo mimi ni mgumu. Mzaha wa kuchezea hadithi ndiyo sehemu inayokufa kwanza mezani kwangu.

Chukua mahojiano ya yule mtu wa mkate wa tangawizi. Amelazwa kwenye sinia, miguu imekwisha kuvunjwa, na Farquaad, yule mtawala mwovu, anaichezesha ile miguu mezani kama mtoto na mdoli, anamkejeli kwa maneno ya hadithi yake mwenyewe. Mpaka hapo hata asiyejua lolote anacheka, kwa sababu ukatili unaofanyiwa biskuti unachekesha popote. Kisha wanaanza kuulizana habari za mwoka mikate fulani wa Drury Lane. Unamjua? Yule wa Drury Lane? Ndiyo, huyohuyo. Mwingereza anaanguka kwa kicheko kwa kuwa ule ni wimbo wa utotoni wa kwao, na wanaume wawili wameugeuza kuwa siri ya kipelelezi. Mswahili anabaki anawatazama. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka "Ukuti, ukuti" pale. Unamjua mwenye mnazi? Mnazi gani? Wa mnazi, wa mnazi! Darasa zima lilicheka. Nilimpa alama za ubunifu nikamwondolea za uaminifu, maana minazi katika kasri lile haikuota.

Kioo cha ajabu kinachomchagulia Farquaad mchumba ni hivyohivyo: kinaigiza kipindi cha televisheni cha Marekani cha miaka ya 60, na siku hizi hata kijana wa Chicago hukipita bila kukitambua. Mji wa Duloc, na vile visanamu vya mbao vinavyoimba kuhusu usafi na foleni, unazikejeli bustani za burudani za Disney. Jeffrey Katzenberg aliondoka Disney 1994 kwa ugomvi, akaanzisha DreamWorks, studio iliyoitoa Shrek, pamoja na Steven Spielberg na David Geffen, na watu wengi wanaamini Farquaad ni picha ya bosi wake wa zamani. Sawa. Lakini ugomvi wa mabosi wa California mtoto wa Tanga unamhusu nini? Yeye aliiona Shrek kabla hajasikia habari za hao wanaokejeliwa. Kwake kejeli ndiyo ilikuwa hadithi ya kwanza.

Vinavyovuka salama ni vile visivyodai kujua kitu. Binti mfalme Fiona anaimba asubuhi, ndege anamjibu, Fiona anapandisha sauti, ndege naye anajikaza mpaka anapasuka. Picha inayofuata: mayai matatu yanakaangwa. Sina neno hata moja la kutafsiri, na kila mara nacheka.

Kitunguu pia kilinipa raha. Shrek anamweleza Punda, mwenzake wa safari, kwamba mazimwi ni kama vitunguu, yana tabaka juu ya tabaka. Punda hataki kitunguu, anataka tamu: keki, halafu anataja kitindamlo kimoja cha Kifaransa cha krimu na matunda kilichopangwa kwenye glasi, ambacho anasema hakuna asiyekipenda. Niliandika faluda. Iko kwenye glasi, ina tabaka, na nani huyo asiyependa faluda? Siku kama hizo kazi hii hainidai kitu.

(Lafudhi niliiacha. Mike Myers, sauti ya Shrek, alimrithi Chris Farley, aliyekuwa amekwisha kurekodi sehemu kubwa ya maneno ya Shrek alipofariki Desemba 1997. Myers akarekodi kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaomba kurudia kwa lafudhi ya Kiskoti, na studio ikakubali hasara. Niliwahi kushauriwa Shrek wa Kiswahili azungumze Kimakunduchi. Nilikataa. Sitaki kumwambia mtu wa Makunduchi kwamba lugha ya bibi yake ndiyo lugha ya mazimwi.)

Sasa turudi kwenye li-.

Kila Mswahili anajua jambo hili ingawa shuleni halifundishwi sana. Kiumbe hai huchukua a-, awe ngeli yoyote: kifaru amelala, jogoo anawika. Ukimwekea li- umemkuza au umemdharau, mara nyingi vyote viwili: jitu lile, joka lile, libaba lile. Ukimwekea ki- umempunguza: kijitu kile kinajidai. Katika herufi mbili unamtoa mtu kwenye utu.

Katika rasimu yangu ya kwanza nilimwekea Shrek li- filamu nzima, kwa kufuata methali. Jioni moja nilikuwa naisoma kwa sauti sebuleni, mpwa wangu wa miaka tisa akijifanya anafanya hesabu. Nilifika pale ambapo Shrek na Fiona wameachana, kila mmoja amekaa kwenye meza yake, na John Cale anaimba ule wimbo wa Leonard Cohen. Nikasoma maelezo ya tukio: "Zimwi limekaa peke yake. Lina huzuni."

"Mjomba," akasema bila kuinua kichwa, "ana huzuni."

Nikamwambia, huyu si zimwi? Akasema ndiyo ni zimwi, lakini ana huzuni. Akarudi kwenye hesabu zake.

Nilirudi mwanzo wa rasimu. Wanakijiji wanasema li-. Farquaad anasema li-. Shrek mwenyewe, anapowatisha watu, anasema li- kwa majivuno: wanapomsingizia mambo ya kusaga mifupa anawasahihisha kwamba hilo ni jitu, zimwi ni baya zaidi. Punda ndiye wa kwanza kumwambia "wewe" bila hofu. Fiona naye aliyesubiri shujaa anavunjika moyo kofia ya chuma inapotoka, na baada ya siku mbili barabarani yuko tayari kusema "zimwi huyu". Filamu nzima ni safari ya kutoka li- kwenda a-. Waandishi wa Kiingereza walikuwa nayo kiasi, wakaiacha pale kichakani. Sisi tunayo mpaka tamati.

Na tazama kinachotokea kwenye kinu cha upepo. Fiona, ambaye jua likizama hugeuka zimwi, anamlilia Punda: nani atalipenda dude baya kama hili? Anajisema mwenyewe. Shrek yuko nje ya mlango na ua la alizeti mkononi, anasikia nusu, anadhani ndiye anayesemwa. Kwa Kiswahili tukio hili linachoma zaidi, kwa sababu Fiona ameshampa mwenzake a- na anajiwekea li- yeye.

Hii ndiyo sehemu ninayoisifu bila kigugumizi. Kejeli haina kazi hapa, ni hadithi ya kale inayofanya kazi yake ya kale. Kitabu cha picha kilichozaa filamu, cha William Steig cha 1990, hakina Farquaad wala laana: binti mfalme ni mbaya wa sura tangu anapotokea, na wawili wanapendana kwa ubaya wao. Mwanamke mwenye sura moja mchana na nyingine usiku anatoka mbali zaidi. Katika hadithi za Uingereza za karne ya 15 yumo Dame Ragnelle, anayemwuliza mumewe Gawain: unitake mzuri usiku na mbaya mchana, au kinyume chake? Gawain anamwachia achague mwenyewe, laana inavunjika, naye anabaki mzuri saa zote. Filamu inaishika kamba hiyohiyo na kuivuta upande wa pili. Walioiita filamu ya kuvunja hadithi za kale walikuwa wanatazama vitu vya juujuu. Chini yake kuna hadithi iliyosimama wima.

Laana ya Fiona ni ubeti mfupi, na mstari wake wa mwisho umenigharimu siku tatu. Unasema kwamba baada ya busu la penzi la kweli atachukua umbo la penzi, umbo la kweli. Fiona mwenyewe anaufahamu vibaya. Anadhani maana yake ni urembo. Lazima mtazamaji naye adanganyike, kisha mwishoni agundue kwamba hakudanganywa na maneno. Niliandika "umbo la upendo wa kweli", nikaua fumbo papo hapo: ule wa- umenata kwenye upendo, hauna pa kwenda. Kisha nikaandika "umbo la penzi la kweli". Lipi ni la kweli, umbo au penzi? Vyote viwili ni vya la-. Msikilizaji mwanzoni anasikia penzi la kweli. Busu linapopita, Fiona anashuka kutoka kwenye mwanga akiwa zimwi vilevile, na ubeti unamrudia: lilikuwa umbo la kweli. Sijawahi kuipenda ngeli ya li-ya- kama siku ile.

Kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuisifu hii filamu mpaka mwisho. Farquaad akanikatalia.

Anatambulishwa kwa mbwembwe: muziki mzito, hatua za kishindo ukumbini, glavu zinavalishwa. Halafu kamera inatuonyesha kwamba ni mfupi. Huo ndio mzaha, na unarudiwa mpaka mwisho wa filamu. Shrek akiliona lile kasri refu anauliza kama mwenyewe anafidia upungufu fulani. Njiani yeye na Punda wanampiga Farquaad vijembe mbele ya Fiona: watu wa kimo chake hawapatikani ovyo, wapo wanaomwona mdogo. Akishuka kwenye farasi, miguu mirefu ya chuma inabaki juu, yake ilikuwa mingine.

Huyu mtu ni mbaya, hilo sibishani. Anawafukuza viumbe wa hadithi, anatesa, anataka kuoa ili awe mfalme. Lakini ubaya wake filamu inauchekea mara chache; inachekea urefu wake. Kwa Kiingereza unaweza usilione, maana vijembe vimefichwa kwenye maneno yenye maana mbili. Kwa Kiswahili utajificha wapi? Kila mwanafunzi, bila kuambiwa, anafikia ki-. "Kijibwana kile kinajifanya mfalme." Ni sahihi kabisa, ndivyo Shrek angesema. Na ukiiweka sentensi hiyo karibu na zile za wanakijiji kichakani, unaona filamu inachofanya: imempandisha mmoja kutoka li- hadi a-, na ili ngazi isibaki tupu imemshusha mwingine kutoka a- hadi ki-, kwa kosa lilelile la kuzaliwa na mwili ambao watu wanaucheka.

Wenzangu wa fani huniambia nachukulia katuni kwa uzito mno. Pengine. Ila filamu yenyewe ndiyo iliyotaka ichukuliwe hivyo, ilipotuimbia Cohen na kutuweka mezani na watu wawili wenye huzuni. Ingekuwa mzaha mtupu nisingeidai kitu.

Muhula uliopita kijana mmoja aliniletea tukio la harusi. Joka jike limevunja dirisha la kanisa, Punda yuko mgongoni, na Farquaad anamezwa huku anatoa amri. Kijana alikuwa ameandika: "Joka amekimeza." Nikamwuliza kwa nini a- kwa joka. Akasema, mwalimu, huyu si mpenzi wa Punda? Nikakubali. Kisha nikachukua kalamu, nikakata ki-, nikaandika juu yake m-. Joka amemmeza. Kijana akaniambia nimechelewa kidogo, jamaa keshafika tumboni.